Volti Kwanza, Biti Baadaye

Mtu akiona kijiboksi kinachoning'inia kwenye simu yangu huuliza ni cha nini. Nikimwambia ni kigeuzi na amplifaya ya hedifoni, na akiwa mpenzi wa vifaa, swali linalofuata nalijua kabla hajafungua mdomo: kinafika biti ngapi? Namjibu, maana ni adabu kujibu, lakini moyoni najua swali limegonga mlango usio wake. Boksi la kifaa cha namna hii huandikwa biti 32 na kilohezi 768 kwa herufi kubwa. Volti na omu, ambazo ndizo zinazoamua kama utasikia tofauti yoyote, huwekwa kwenye karatasi ya ndani kwa maandishi ya kupimia macho.

Nimeishi na vifaa hivi muda wa kutosha kuwa na msimamo. Anayenunua kigeuzi cha mfukoni kwa ajili ya simu, kwa kweli ananunua amplifaya. Kigeuzi kimo humo kwa sababu bila hicho amplifaya isingekuwa na kitu cha kukuza.

Nianze na hicho kigeuzi, kwa kuwa hakichukui muda. Muziki uliomo ndani ya simu ni tarakimu, na sikio halisikii tarakimu. Lazima pawepo chipu ya kuzigeuza ziwe umeme unaopanda na kushuka, nayo ndiyo ile inayoandikwa DAC kwenye maboksi. Kila simu inayotoa sauti inayo, hata isiyo na tundu la hedifoni, kwa sababu spika yake ndogo nayo inahitaji umeme huohuo. Ukichomeka kigeuzi cha nje, unakiruka cha simu na kutumia kingine.

Hicho kingine ni bora? Kwenye vipimo, mara nyingi ndiyo. Masikioni, tofauti ni ndogo kuliko tunavyopenda kukiri. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 ilibeba sampuli 44,100 kwa sekunde, yaani vipimo vya wimbi la sauti, kila kimoja kikiandikwa kwa biti 16, yaani tarakimu 16 za sifuri na moja. Sampuli hizo zinatosha kubeba masafa, yaani kasi ya mitetemo ya sauti, hadi kilohezi 22 hivi, wakati sikio la kijana mwenye afya huishia kwenye 20, na la mtu mzima huishia chini zaidi. Biti 16 nazo huacha nafasi ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 96 hivi kati ya sauti kubwa kabisa na mvumo wa chini kabisa. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la Audio Engineering Society matokeo ya majaribio ambamo wasikilizaji walipewa rekodi za ubora wa juu, mara zikija moja kwa moja, mara zikipitishwa kwanza kwenye kiwango cha CD. Kwa sauti ya kawaida ya kusikilizia, hawakuweza kuzitofautisha. Wapo wanaoubishia utafiti huo hadi leo, na ubishi wenyewe ni burudani, lakini sijaona hoja ya kunifanya nilipie biti ambazo sizisikii.

Majina ya chipu nayo yamepewa heshima kupita kiasi. Oktoba 2020 moto uliunguza kiwanda cha Asahi Kasei Microdevices huko Nobeoka, Japani, na chipu za AKM, ambazo mashabiki walikuwa wakiapa kwazo, zikaadimika. Watengenezaji wengi ilibidi wasanifu upya vifaa vyao kwa chipu za kampuni nyingine kama ESS na Cirrus Logic. Waliojua kusanifu waliendelea kutoa vifaa vizuri. Na kabla ya hapo, mwaka 2015, kampuni ya Chord ya Uingereza ilikuwa imetoa Mojo, kifaa cha mfukoni ambacho msanifu wake, Rob Watts, hakutumia kabisa chipu ya DAC iliyo tayari; aliandika programu yake mwenyewe na kuiweka kwenye chipu inayopangika upya. Hivyo mtu akinieleza tabia ya kifaa kwa kunitajia jina la chipu peke yake, bado hajanieleza kitu.

Kuna jambo jingine linalosahaulika: watu wengi tayari wanamiliki kigeuzi cha nje bila kujua. Mwaka 2016 Motorola ilitoa Moto Z bila tundu la hedifoni, na Septemba mwaka huohuo Apple ikafuata na iPhone 7. Phil Schiller, mkuu wa masoko wa Apple wakati huo, alisimama jukwaani akasema sababu ni ujasiri, kauli iliyomletea kejeli za miaka. Ndani ya boksi la simu hiyo mlikuwa na adapta fupi nyeupe, na ndani ya adapta hiyo, kwenye kile kichwa kidogo, mna kigeuzi na amplifaya kamili. Adapta za USB-C hazifanani zote, na hapa wengi hukwama. Nyingine zina chipu, nyingine ni waya mtupu unaotegemea simu itoe sauti iliyokwisha kugeuzwa. Ukichomeka ya waya mtupu kwenye simu isiyotoa sauti ya namna hiyo, utapata kimya, na utailaumu hedifoni bure.

Sasa amplifaya. Hapa ndipo pa kukaa.

Hedifoni hujieleza kwa namba mbili. Ya kwanza ni ukinzani, unaopimwa kwa omu. Ya pili ni uitikiaji wake: ukiipa volti 1, au miliwati 1, inatoa desibeli ngapi. Watu hukariri ile ya kwanza na kuiacha ya pili, wakiamini kwamba omu nyingi ndizo ugumu wa kuendesha. Ukweli umekaa kwenye namba zote mbili kwa pamoja.

Chukua Sennheiser HD 600, hedifoni iliyotoka mwaka 1997 na bado inauzwa. Ina omu 300, na kwa volti 1 hutoa desibeli 97. Adapta ya Apple ya USB-C hutoa takriban volti 1 ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. Toleo linalouzwa Ulaya limebanwa hadi nusu yake. Nusu ya volti maana yake ni kupoteza desibeli 6, kwa hiyo hedifoni hiyo itafika 91. Namba hiyo inasomeka kubwa, lakini ni kilele, ile sekunde ambayo ngoma na tarumbeta zote zinapiga kwa pamoja. Katika rekodi ya okestra, sauti ya wastani inaweza kuwa desibeli 20 chini ya kilele, na hapo umebaki na 71. Unapandisha sauti, unafika mwisho wa kipimo, na bado unatamani kidogo. Ukihamia kwenye wimbo wa kisasa uliokandamizwa studio mpaka hauna bonde wala mlima, adapta ileile inakutosha na chenji inabaki. Ndiyo maana watu wawili wenye simu moja na hedifoni moja hubishana kama amplifaya inahitajika. Mmoja anasikiliza okestra, mwingine anasikiliza muziki wa dansi, na wote wawili wanasema kweli.

Halafu ziko hedifoni za upande wa pili wa tatizo, zile za sumaku bapa, ambazo sauti hutolewa na utando mwembamba uliowekwa karibu na sumaku. HiFiMan HE-6 ndiyo mfano wa kutishia watoto: omu 50 tu, lakini miliwati 1 huipa desibeli 83.5 pekee. Ukitaka vilele vya desibeli 110 unahitaji miliwati 450 hivi, yaani karibu volti 4.7 na mkondo wa miliampea 95. Adapta ndogo inayokula umeme wa simu haifiki huko. Ikilazimishwa, haizimi wala haitoi onyo; besi inalegea tu, kisha sauti inaanza kukwaruza kwenye vilele. HD 600 inadai volti na haijali sana mkondo; HE-6 inadai vyote viwili. Ukisoma kwamba kifaa fulani kinatoa miliwati 300, uliza kwa omu ngapi, maana namba hiyohiyo kwa omu 32 na kwa omu 300 ni vifaa viwili tofauti kabisa.

Iafoni za kuingia ndani ya sikio zina matatizo ya kinyume. Nyingi huitikia kupita kiasi, desibeli 110 na zaidi kwa miliwati 1, kwa hiyo nguvu si shida yao. Shida yao ni ukimya. Amplifaya yenye misuli, ikiwa haikusanifiwa kwa uangalifu, huleta lile shshsh la mbali linalosikika kabla wimbo haujaanza. Ndiyo maana vifaa vizuri vina swichi ya kuchagua ukuzaji mdogo au mkubwa, na mwenye iafoni aiache kwenye mdogo.

La pili ni ukinzani wa amplifaya yenyewe, ule wa upande wa kutolea sauti. Kanuni ya mafundi ni kwamba usizidi moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Kwa hedifoni ya omu 32, usivuke 4. Sababu ni kwamba ukinzani wa iafoni yenye spika kadhaa ndani haukai mahali pamoja. Unaweza kuwa omu 30 kwenye besi na 8 kwenye sauti nyembamba. Amplifaya yenye omu nyingi itagawana umeme na iafoni kwa uwiano unaobadilika kila masafa, na sauti itabadilika rangi. Watu hulisifu badiliko hilo au kulilaani, wakidhani wanasikia kigeuzi. Cha kuchekesha ni kwamba kiwango cha kimataifa cha IEC 61938 kiliwahi kupendekeza omu 120 kwenye tundu la hedifoni, na baadhi ya hedifoni za zamani zilisanifiwa kwa kutarajia hivyo. Kwa iafoni ya leo, omu 120 ni msiba.

Na kwa kuwa tuko kwenye matundu, niseme neno juu ya lile la milimita 4.4 linaloitwa la mizani. Ndani ya kifaa chenye tundu hilo kila sikio hupewa amplifaya mbili zinazovuta pande tofauti, na kwa kawaida volti huwa mara mbili. Mara mbili ni desibeli 6 zaidi. Wengi wanaoapa kwamba tundu la 4.4 lina upana na uhai kuliko la kawaida la 3.5 wanazisikia hizo desibeli 6. Zina thamani yake kwa HD 600. Kwa iafoni ya desibeli 115, hazina kazi.

Desibeli hizo ndizo zinazoharibu karibu kila ulinganisho wa vifaa ninaousoma. Sauti iliyozidi hata kwa desibeli moja, kiasi ambacho hutaki kuiita kubwa zaidi, sikio huipokea kama nzuri zaidi: besi imejaa, sauti ya mwimbaji imesogea mbele. Anayechomoa hedifoni kwenye simu na kuichomeka kwenye amplifaya, kisha akapapasa kitufe mpaka aone inalingana, hajalinganisha chochote. Dawa ni rahisi. Chukua maltimita ya kawaida, cheza sauti ya mlio mmoja wa masafa ya chini, tuseme hezi 100, kwa sababu mita za bei ndogo hudanganya masafa yakipanda. Pima volti kwenye plagi huku hedifoni ikiwa imechomekwa, kisha sawazisha vifaa vyote viwili. Tofauti ya asilimia 12 ya volti tayari ni desibeli moja. Ukishasawazisha, mtu mwingine abadilishe vifaa bila wewe kuona. Nimelifanya zoezi hili kwa vifaa nilivyokuwa nikivipenda, na vingi vilirudi kuwa ndugu. Vilivyobaki tofauti vilitofautiana kwa mvumo, kwa ukinzani wa kutolea sauti, au kwa kuishiwa nguvu, mambo ambayo yote ni ya amplifaya.

Upande wa simu nao una vituko vyake. Android kwa kawaida huchanganya sauti zote, muziki, mlio wa ujumbe, mbofyo wa kibodi, kisha huzitoa kwa kiwango kimoja, mara nyingi kilohezi 48. Faili ya CD ya kilohezi 44.1 hubadilishwa njiani bila wewe kuulizwa. Kuna vifaa vinavyolifichua jambo hili kwa taa. DragonFly ya AudioQuest, iliyosanifiwa na Gordon Rankin na kutoka mwaka 2012 kwa ajili ya kompyuta, huwaka kijani ikipokea 44.1 na bluu ikipokea 48. Matoleo yanayokubali simu, Black na Red, yalikuja mwaka 2016 baada ya ulaji wa umeme kupunguzwa. Ukicheza albamu ya CD na taa ikawa bluu, simu imeingilia kati. Programu kama USB Audio Player PRO hukwepa mchanganyiko huo kwa kuzungumza na kifaa moja kwa moja, na tangu Android 14, ya mwaka 2023, mfumo wenyewe umefungua njia rasmi kwa programu zinazotaka kufanya hivyo. Kwa iPhone, Apple Music ilianza kutoa muziki usiopunguzwa data mwaka 2021, hadi biti 24 na kilohezi 192, na chochote kinachozidi kilohezi 48 kinahitaji kigeuzi cha nje. Kwa wanaofuatilia taa, haya ni mambo mazito. Mimi huyafuatilia kwa udadisi tu, kwa sababu kwa simu za sasa sijawahi kuusikia huo ubadilishaji wa sampuli.

Ninachokisikia ni kiasi cha sauti. Ile adapta ya Apple ya USB-C, inayosifiwa kila mahali kwa usafi wake, ukiichomeka kwenye simu nyingi za Android hutoa sauti ya kunong'ona. Haijaharibika. Ina kidhibiti chake cha sauti ndani, na Android haikipandishi mpaka juu. Programu zenye njia yake ya USB zinaweza kukipandisha. Programu ya kawaida ya muziki haiwezi. Tatizo ni volti tena.

Hapa ndipo biti 24 zinapopata heshima yake kwangu. Kila biti ni desibeli 6. Kigeuzi kikipokea biti 24 na muziki ukiwa wa 16, kuna biti 8 za akiba, yaani desibeli 48 za kupunguza sauti kwa tarakimu bila kula muziki wenyewe, mradi kigeuzi na amplifaya ni kimya vya kutosha. Kwa hiyo lile onyo la zamani kwamba sauti ya simu lazima iwe juu kabisa na upunguze kwenye kifaa tu, halina uzito liliokuwa nao. Bado nafanya hivyo kwa kifaa chenye kitufe cha kuzungusha, lakini kwa sababu kidole changu kinapenda kitufe.

Katika matumizi ya kila siku nimeishia na makundi mawili. Adapta ndogo isiyo na betri huishi kwenye waya wa iafoni na kula umeme wa simu. Kijiboksi chenye betri yake nakitumia nikiwa nimekaa, kwa hedifoni kubwa. Miaka ilipita watu tukifunga amplifaya mgongoni kwa simu kwa mipira, tukitembea na tofali, na sina hamu ya kurudi huko. Zaidi ya uzito, kuna kelele: simu ikiwa kwenye mtandao wa GSM wa 2G hurusha mawimbi kwa vipande, mara 217 kwa sekunde, na waya usiokingwa ulio karibu huyadaka yakawa ile trrr-trrr inayotangulia simu kuita. Ukiweka simu kwenye hali ya ndege inakoma. Ukiisogeza mbali kidogo hupungua.

Kijiboksi chenye betri kina tabia nyingine ya kuangaliwa: baadhi huomba chaji kutoka kwenye simu, na unakuta simu inalisha amplifaya badala ya kucheza muziki. Mojo ilikuwa na matundu mawili, moja la muziki na moja la chaji, na ulikuwa uamuzi wa busara. Angalia na waya pia. Kuna waya za chaji tupu zisizopitisha data, na kwa nje huwezi kuzijua.

Hedifoni zisizo na waya hazihusiki na haya yote. Zina kigeuzi na amplifaya ndani yake, na kijiboksi chako hakina pa kuingilia. Nikitembea barabarani ndizo ninazovaa, kwa sababu kelele za magari humeza tofauti ambazo ningezisikia ndani ya chumba.

Kitu kimoja amplifaya safi hukiondoa ambacho kilikuwa kinatulinda. Adapta dhaifu ikizidiwa hukwaruza, nawe unapunguza. Amplifaya yenye nguvu ya akiba haikwaruzi. Inakupeleka juu taratibu na kila kitu kinaendelea kusikika kitamu. Shirika la Afya Duniani linaweka kipimo cha mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 za ziada hukata muda huo nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Simu nyingi hujaribu kukuhesabia, lakini simu haijui ni hedifoni gani imechomekwa kwenye kijiboksi wala kitufe chake kimezungushwa mpaka wapi. Vilevile, baadhi ya simu zikikutana na kifaa kipya cha USB huanza na sauti ya juu kabisa, na swichi ya ukuzaji mkubwa inaweza kuwa imeguswa mfukoni. Kwa hiyo chomeka kijiboksi, anzisha wimbo, shika hedifoni mkononi usikie inavyolia kwa mbali, rekebisha, ndipo uivae.